Barua ya Shamba la Loomis

Haya yalimpata rafiki yangu Orrin, enzi tulipokuwa ndiyo kwanza tunaanza kulima Iowa. Jirani yake Loomis alikuwa na wiki tatu kaburini, na barua ya kudai shamba ilibaki kwenye kibanda chake cha magogo, ndani ya bahasha ambayo hakuwahi kuifunga.

“Niletee leo, shemeji, watu wasije wakanipora ardhi,” mjane wake alimsihi Orrin. “Mimi humo siingii. Kunanuka!”

Orrin aliingia mchana, kaziba pua. Ndani mlikuwa na giza na uvundo wa mafuta ya nguruwe yaliyochacha. Akasikia kitu kikilamba, taratibu.

“Toka, mbwa we!”

Hapakuwa na mbwa. Akaipapasa barua mezani, akakimbilia nje.

Mjane alilipata shamba. Lakini Orrin hajaisahau ile gundi ya bahasha: ilikuwa imetoka kulambwa, na mate ya uvuguvugu yalivutika kidoleni mwake.