Aliyeziba Njia Bila Mpira

Ndugu wasomaji, leo nawaletea mkasa mzito wa mapenzi, haki na usaliti, niliouona kwa macho yangu mawili. Kwa usahihi zaidi, kwa jicho moja. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na tundu la kitasa halitoshi macho mawili.

Kwenye mlango wa mbele, dada yangu fundi cherehani alikuwa ametanua mikono, amegusa fremu huku na huku. Nje alisimama mchumba wake, mwamuzi wa besiboli.

"Hupiti."

"Mpenzi, nimekuja kwa amani."

"Amani kampelekee Nesi wako!"

Jumamosi uwanjani, mimi nikiandika alama za mechi, dada alikuwa anakimbilia kituo cha tatu. Nesi, mlinzi wa kituo hicho wa timu pinzani, akasimama katikati ya njia kama kabati, mikono mitupu. Dada akamvaa, akaanguka, goti likachubuka. Ndipo mpira ukafika, Nesi akaudaka, akamgusa nao kabla hajafika kituoni. Mwamuzi akanyanyua ngumi: dada nje.

Jumapili ukaingia ujumbe kwenye simu ya dada kutoka namba ngeni. Sasa dada aliusoma kwa sauti ya hakimu:

"Natumaini u mzima wa afya. Dhumuni la ujumbe huu ni kukujulisha kuwa mwamuzi na Nesi wana lao jambo. Jiulize kwa nini anaruhusiwa kuziba njia. Ni mimi, Mpenda Haki."

"Nani huyo?"

"Usinizungushe! Una nini na yule mwanamke?"

"Sina kitu."

"Kwa nini basi ulimwacha anizibe?"

"Kanuni inamruhusu mlinzi kuziba kama ameshika mpira."

"Alikuwa nao?"

Shemeji akajikuna kisogo.

"Haya, mimi nimeziba mlango. Nina mpira?"

"Huna."

"Kwa hiyo upite?"

"Kwa haki... ndiyo."

"Ahaa! Kumbe haki unaijua! Kwangu tu ndiyo huwa unaisahau?"

Dada akavua pete ya uchumba, akaiweka mbele ya pua ya shemeji.

"Shika. Wazee wako wasijisumbue kuja kujitambulisha."

Shemeji hakuipokea. Alitazama viatu vyake.

"Sikuuona mpira."

"Mwamuzi mzima?"

"Nilikuwa nakutazama wewe. Ukikimbia unatoa ulimi pembeni, unajua? Ulipoanguka nikatazama goti. Kuinua macho, Nesi ana mpira. Nikadhani alikuwa nao tangu mwanzo. Nilipaswa kusema sikuona, nikaogopa kuchekwa."

"Natoa ulimi?"

"Kidogo tu. Jumamosi nitakiri mbele ya timu zote mbili. Na nitaomba kanuni iandikwe kwa herufi kubwa: huna mpira, toka njiani."

Dada alimkagua muda mrefu, kama anatafuta uzi uliofumuka. Kisha mkono mmoja ukashuka. Wa pili ukarudisha pete kidoleni.

"Ingia, kabla sijabadili mawazo."

Nilikuwa karibu kudondosha chozi, shemeji akasema:

"Hebu nione tena huo ujumbe. Mmbea gani anaanza umbea na 'natumaini u mzima wa afya'?"

"Aliyezoea kuandika barua za nyumbani kutoka bwenini," dada akajibu polepole. "'Dhumuni'... Mume wangu, unajua nani yuko likizo humu ndani?"

Macho manne yakageukia kitasa.

Nikachomoka kwenda mlango wa nyuma. Dada, goti bovu na yote, alizunguka nje akafika kabla yangu. Akaziba.

"Dada, huna mpira!"

"Nina kandambili."

Basi, ndugu wasomaji, dhumuni la mkasa huu ni kukiri. Mpenda Haki ni mimi. Laini ni ile ya zamani ya baba. Nesi na shemeji hata salamu hawapeani. Niliiona ile mikono mitupu, nikaiandika kwenye daftari la alama, na hakuna aliyeniuliza. Nilitaka dada akasirike kiasi cha kudai mchezo urudiwe. Kwamba angevua pete, naapa, hilo sikulipigia hesabu.