Chembe Zilizopungua Tanurini

Zamu zilikuwa zinapishana, lango la kiwanda cha sumaku limefurika watu, pini ya nywele ilipochomoka kwa binti mmoja na kuganda kwenye sumaku aliyoibeba mpimaji.

"Dada, pini yako imenipenda."

"Imepotea njia. Irudishe, mdomo wewe!"

Hakuirudisha. Kabla mwaka haujaisha, binti yule myeyushaji, ovaroli yake imetobolewa na cheche, alikuwa akimwita "roho yangu" mbele ya zamu nzima.

Kazi zao zilishikana. Binti alitia kwenye metali iliyoyeyuka chembe za disprosi, madini adimu, kidogo tu. Zikipungua, sumaku ikipata joto hulegea, na hata ikipoa nguvu hazirudi. Mpimaji alichoma sampuli za sumaku kwenye joko ndipo azipime, maana zikiwa baridi, nzima na mbovu ni mapacha.

Siku ya kujitambulisha ukweni, simu ya mpimaji ililia maabara.

"Roho yangu, mama ameshavaa gauni lake la kuringia. Unakuja, au nitafute mchumba wa kuazima?"

"Nafunga hapa, malkia."

Akazipima sampuli za fungu la mwisho zikiwa baridi, akalipitisha.

Sumaku zile ziliingia kwenye mota za pikipiki za umeme za mizigo. Kaka yake binti alinunua moja. Siku moja akipanda mlima na saruji, mota ikachemka, ikaishiwa nguvu. Pikipiki ikarudi kinyumenyume, ikamlalia. Wakamzika.

Mota ile ilipoletwa kiwandani, mpimaji aliifungua, akaiona namba ya fungu alilolipitisha. Tangu hapo hakupokea simu za binti. Binti akamfuata maabara.

"Nimefiwa, nawe unanikimbia?"

"Sumaku za mota ya kaka yako, sikuzichoma. Najua mkono wako haukosei, nikazipitisha."

Binti akagusa mlango wa joko.

"Kopo la disprosi lilikuwa linaisha. Nikapunguza. Nikasema, nikikosea, joko lako litanikamata."

Hawakulaumiana, kila mmoja alikuwa na lake la kumtosha. Wakaenda kwa meneja. Pikipiki zote zikaagizwa zirudishwe, nao wakaambiwa asubuhi wajipeleke polisi.

Kutoka hapo wakaenda nyumbani kwa binti. Mama, macho yamevimba, akamvutia mpimaji kiti kilekile alichokalia siku ya kujitambulisha.

"Kaa, baba. Mwanangu wa kiume sasa ni wewe."

Mpimaji akabaki wima. Binti akamshika mkono, akakisukuma kiti kando kwa kiatu chake.

"Mama, usimpe kiti kwanza. Wala mimi, mpaka utusikie."