Barua ya Ijumaa Saa Saba

Ndugu zangu, nilisoma barua pepe hii kwenye simu ya mume wangu nimesimama.

“Mpenzi Ambrosi, Jumatatu tutangulie Ulyankulu sisi wawili. Anifa.”

Ambrosi ni mume wangu. Anifa ni karani wa ushirika wa asali hapa Tabora, tunakofanya kazi sote watatu. Ni mzuri, tena mcheshi. Kila akicheka, mume wangu hucheka pia... Nami mwaka mzima nilijikausha, nikajifanya sioni.

“Hii nini?” Nikamwonyesha Ambrosi simu yake.

“Mama Silasi, hiyo ya kughushi! Jina la Anifa anaweza kuliweka yeyote!”

Alisahau ameoa nani. Mfumo wa barua pepe wa ushirika niliuweka mimi! Kila barua inayotoka kwenye seva yetu hupigwa saini ya kidijitali. Ufunguo wa kuihakiki uko wazi kwenye rekodi za kikoa chetu, yaani anwani yetu ya mtandaoni. Saini ikilingana, barua ni yetu na haikuguswa njiani.

Nikahakiki.

Ikalingana! Akaunti ya Anifa, Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana.

Sikuuliza mtu. Nikawaandikia wajumbe wote tisa wa bodi: Anifa anavunja ndoa yangu, afukuzwe. Nikaambatisha ushahidi. Nikatuma!

Kisha nikaenda ofisini kumwona akilia.

Hakulia.

“Dada Agnetha, Ijumaa saa saba mimi huwa wapi?”

Ofisi nzima inajua: huwa msikitini.

“Na kompyuta namwachia nani wazi, achape lebo za ndoo za asali?”

Nyuma yangu mtu alikuwa anahema. Ambrosi! Alinifuata mbio.

“Ni mimi,” akasema. “Nilijiandikia mwenyewe. Hata nikichelewa huniulizi... Nilitaka unionee wivu kidogo. Ulipowaka, nikaogopa kusema.”

Kidogo!

Anifa, ambaye barua za bodi hupitia kwake, akageuza skrini. Wajumbe wawili walikuwa wameshajibu: “Afukuzwe.”

“Uliiuliza seva, dada. Mimi hukuniuliza.”

Wasomaji wangu, saini haikudanganya. Inataja barua ilikotoka. Aliyekaa kwenye kiti haimjui. Hilo nimelifundisha kwenye semina mara ngapi? Wivu ukanifutia yote. Kabla hujamchafua mtu, mwite umsikie.

Jumamosi nitasimama mbele ya bodi nimsafishe.

Lakini leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Anifa amepita mezani kwangu bila shikamoo.