Redio na Sheria ya Vyombo

Nyumbani walimwita Redio. Asubuhi alianza kusema kabla hajafungua macho. Usiku usingizi ulimkuta bado anasimulia. Baba yake alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa ua wa nyuma. Redio alikulia humo, kati ya mabomba na mota, akiuliza kila kifaa kina kazi gani.

Mama yake alikuwa muuguzi. Alipopata kazi katika zahanati ya shule ya kimataifa, Redio naye akapata nafasi ya kusoma hapo. Alivaa sare mpya, akaingia darasani. Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza.

Redio akazimika.

Wiki zikapita. Mwalimu wa darasa akamwita mama.

"Binti yako hajibu swali lolote. Muhula ukiisha hivi, tutamrudisha darasa la chini, akae na wadogo."

Mama alirudi nyumbani kichwa kinamuuma. Baba aliposikia, alipiga meza kwa kiganja.

"Kuanzia leo Kiswahili marufuku humu ndani. Atakayekisema ataosha vyombo."

Nia ilikuwa njema, lakini nyumba ikawa kama chumba cha kusubiri daktari. Kiingereza cha baba kilikuwa kile kilichoandikwa kwenye vipuri. Cha mama kilikuwa cha kazini: wapi panauma, tangu lini. Walikula wakitazamana. Redio aliomba chumvi kwa kidole. Naye bibi, mama yake baba, ambaye hakujua hata neno moja la Kiingereza, aliosha vyombo kila jioni.

"Mwanangu," alisema mbele ya karai, "kama ulikuwa unataka mtumishi ungeniambia tu."

"Vumilia, mama. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto gani? Huyu asiyesema? Mjukuu wangu mimi alikuwa anaongea."

Maneno hayo yalimchoma mama wa Redio. Kesho yake alimfuata mwalimu wa lugha pale shuleni. Kazi ya mwalimu huyo ilikuwa kuwasaidia watoto waliokuja na lugha nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa amekulia katika Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aje kula nao.

"Shikamoo, mama," alimwamkia bibi alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila usinisemeshe sana, nikikujibu nitaosha na sahani yako."

Mwalimu alicheka. Lakini walipoanza kula hakucheka tena. Aliwatazama watu wanne wanaopendana, kila mmoja kafunga mdomo wake.

"Baba Redio," alisema, "mtoto kunyamaza mwanzoni si ujinga. Anasikiliza, anakusanya. Inaweza kuchukua miezi. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni hili la hapa. Mmemnyamazisha hata pale alipokuwa anasema."

Baba hakupendezwa.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Kiswahili anacho tayari. Anachokosa ni Kiingereza. Kwa nini nijaze ndoo iliyojaa?"

"Nikuulize. Ukiletewa friji ya kiwanda usichokijua, unaanza kujifunza upya ubaridi ni nini?"

"Nijifunze nini? Kazi ni ile ile. Natafuta tu wenzetu bomba wanaliitaje."

"Mbona kwako inakuwa rahisi?"

"Kwa sababu friji naijua."

Kijiko cha baba kikabaki hewani.

"Basi naye ni hivyo hivyo," mwalimu alisema. "Jambo alilolielewa kwa Kiswahili hana haja ya kulisoma upya. Anatafuta majina yake tu. Semeni naye lugha mnayoijua vizuri. Mwulizeni kwa nini, mwulizeni ilikuwaje. Upande wa Kiingereza niachieni mimi. Na mwalimu wa darasa nitaongea naye. Kumsubiri mtoto ajibu ni sehemu ya kazi yake."

Baba alimgeukia binti yake. Akasema kwa Kiswahili:

"Darasani mnasoma nini?"

Redio alitazama rundo la vyombo.

"Nitaosha mimi. Sema."

"Joto," alisema Redio taratibu. Halafu maneno yakaanza kusukumana. "Mwalimu aliuliza friji inatengenezaje baridi. Lakini baba, si friji inatoa joto la ndani na kulitupa nje? Ndiyo maana mgongo wake una moto. Mimi nilijua. Nilijua, nikashindwa kusema."

Baba alimvuta karibu.

Siku zilizofuata, Redio alieleza friji nzima kwa Kiswahili pale uani, na baba akambana kwa maswali. Alichora picha. Kila sehemu aliipa majina mawili, la Kiswahili na la Kiingereza. Mwalimu wa lugha alimpa namna ya kuanza sentensi, wakafanya mazoezi pamoja. Mwalimu wa darasa naye alikubali kubadilika: watoto wajadiliane kwanza wawili wawili, kwa lugha yoyote wanayoielewa, ndipo waseme kwa Kiingereza mbele ya wote.

Siku yake ya kueleza darasani ilipofika, Redio alisimama na mchoro wake. Sauti ilikuwa ndogo. Katikati alikwama. Mwalimu wa darasa alifungua mdomo, akaufunga, akasubiri. Redio alitazama neno la Kiswahili kwenye mchoro, kisha la Kiingereza kando yake. Akaendelea. Sentensi zake zilikuwa fupi, nyingine zimepinda, lakini joto alilitoa ndani ya friji mpaka nje. Mwenzake akauliza swali. Redio akajibu. Mwingine akauliza. Akajibu.

Muhula ulipoisha, alibaki darasa lile lile na wenzake.

Jioni hiyo Redio alisimulia tangu mlangoni mpaka mezani, mdomo umejaa wali, Kiswahili huku, Kiingereza kule. Bibi alishika sikio.

"Jamani, hii redio haina kitufe cha kupunguza sauti?"

Baba alikuwa mbele ya karai, mikono imejaa povu, anasikiliza.