Mpira Uliorudi Wenyewe

Kengele ya mwisho ilipolia katika shule ya Morne Cacao, Jerusha Alleyne alivua viatu vya darasani, akavaa raba, akawahi uwanjani kabla ya wenzake. Alikuwa mrushaji wa timu ya kriketi ya shule, naye hakupenda mtu mwingine aushike mpira kwanza. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha nyasi kilichobanwa kati ya madarasa na mtaro. Ng'ambo ya mtaro ilianza mikakao mizee ya shamba lililoachwa, ambayo hakuna aliyeichuma tena.

Walicheza kwa kelele mpaka jua lilipogusa kilele cha mlima. Hapo kelele zilififia, wala hapakuwa na aliyemwita mwenziwe kwa jina lake. Jerusha aligeuka kuwa Ndimu, na Dario Quesnel, mpigaji mwenye maneno mengi, akawa Fenesi. Hata Mwalimu Baptiste, mkuu wa shule na kocha wao, ambaye aliweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kifungo kimoja kilichokatika, alipuliza filimbi badala ya kuita. Kila mzazi alimfundisha mwanawe hivyo: jina halitajwi nje wakati wa magharibi, kwa kuwa madweni husikiliza.

Madweni ni watoto waliofariki kabla ya kubatizwa. Hawana nyuso. Huvaa kofia pana za majani makavu, na nyayo zao zimegeuka: visigino mbele, vidole nyuma. Dweni akilijua jina lako atakuita kutoka msituni, nawe ukiitika umekwisha.

Jioni moja Dario aliupiga mpira kwa nguvu, ukapaa juu ya mtaro, ukatumbukia katika mikakao.

“Haya, Fenesi, kaulete. Umeupiga wewe,” alisema Jerusha.

“Umeurusha wewe, kaulete wewe!”

“Mwoga.”

“Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwetu leo kuna wali wa pelau, dada. Siendi popote.”

Waliuacha. Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umelala uwanjani kama shuka, na Jerusha, aliyefika wa kwanza, aliuona mpira ukiwa katikati ya kiwanja, juu ya ardhi tupu mahali pa kurushia. Ulikuwa umefutwa ukang'aa. Kando yake palikuwa na nyayo zilizoelekea msituni, kana kwamba mtu aliondoka hapo kwenda mikakaoni. Lakini hapakuwa na nyayo za kuonyesha alivyofika.

Dario alipowasili alichekelea, kisha akaziona nyayo. Jerusha alikuwa amechuchumaa.

“Tazama matope,” alisema kwa sauti ndogo. “Kule mtaroni ni mazito. Hapa penye mpira yamekwisha. Aliyekuja ametoka kule akija huku, na alipoondoka miguu haikuwa na matope tena.”

“Sasa mbona vidole vinatazama kule?”

Ndani ya ukungu tone la maji lilianguka kutoka jani hadi jani, na watoto wote wawili walikimbilia darasani bila kuambizana.

Nyumbani, bibi yake Jerusha alipoisikia habari hiyo alikiweka chini kikombe chake cha kakao.

“Mwana wa Leonie Fortuné,” alisema. “Alizaliwa juu kule, shambani. Mafuriko yalimzuia kasisi, na mtoto akafa bila maji ya ubatizo. Leonie hakushuka tena kijijini hata naye akafariki, mvua za mwaka jana. Sasa mtoto hana mama. Anashuka kutafuta wa kucheza naye.”

“Bibi, usinitie hofu.”

“Nakutia akili, mjukuu wangu. Ukiitwa msituni, usiitike. Hata nikikuita mimi.”

Mpira ulipotea tena, ukarudi tena. Mtoto mmoja akasema ameona kofia pana ikisimama kati ya mikakao, imetulia tuli, ikiwatazama. Ndipo wazazi walipofika langoni, wakiongozwa na Bwana Quesnel, baba yake Dario, aliyekuwa bado ameshika panga la shambani.

“Mwalimu, funga hayo mazoezi,” alisema. “Wanangu si chambo.”

“Mechi ya tarafa ni Jumamosi, Bwana Quesnel. Watoto hawa wameisubiri tangu wakiwa darasa la kwanza.”

“Na waisubiri mpaka uzeeni, ilimradi wawe hai.”

Walivutana kwa muda, kisha wakakubaliana: timu ingefanya mazoezi mapema, lakini mpira ukirudi wenyewe mara moja tu zaidi, timu ingevunjwa. Jerusha alisikia kila neno akiwa nyuma ya mlango. Mechi ile ndiyo aliyoiota usiku na mchana.

Siku iliyofuata ukungu ulishuka mlimani kabla ya saa yake. Mwalimu Baptiste alikuwa ameingia stoo kuhifadhi vijiti vya wiketi wakati Dario alipoomba arushiwe mpira mmoja wa mwisho. Aliupiga. Ukapaa, ukavuka mtaro, ukamezwa na ukungu.

Wakatazamana.

“Tumekwisha,” alisema Dario. “Kesho asubuhi utakuwa pale katikati, umefutwa.”

“Basi usirudi wenyewe,” alisema Jerusha. “Nitaurudisha mimi.”

“Wee Ndimu! Una wazimu?”

Alikwisha kuuruka mtaro.

Ndani ya mikakao hapakuwa na upepo. Matunda ya zamani, yaliyokauka yakawa meusi, yalining'inia kwenye mashina kama vichwa vidogo. Jerusha alipita akiwa ameinama, akipapasa majani, na kila alipoinua macho miti ilionekana kuwa imemsogelea. Alipogeuka kuutazama uwanja, hakuuona. Filimbi ya Mwalimu ililia mahali fulani, mara kushoto, mara kulia.

Ndipo alipoiona kofia. Ilikuwa pana, imesimama kimya kati ya mashina mawili, chini mno kuwa ya mtu mzima aliyesimama wima.

“Jerusha,” ilisema.

Hakuitika. Alianza kukimbia.

“Jerusha Alleyne! Simama!”

Ilimjua kwa jina lake kamili. Aliziba masikio kwa viganja, akakimbia akikatiza matawi, na nyuma yake alisikia hatua zisizo sawa, zikivuta na kuburuta, zikivuta na kuburuta.

“Korongo! Mbele yako korongo! We mtoto, simama!” Sauti ilikatika kwa kuhema, kisha ikapaa kwa hasira: “Hivi ndivyo ulivyo! Hata ukirusha mpira huoni mbele! Kila siku mguu wako unavuka mstari!”

Jerusha alisimama ghafla.

“Sivuki!” alifoka, kisha akaufunika mdomo wake kwa mikono. Alikuwa ameitika.

Lakini hakuna kilichomchukua. Kijiwe tu kiliteleza chini ya raba yake, kikaanguka, na muda mrefu ukapita kabla hakijagonga maji. Ukungu ulipofunguka kidogo aliona kwamba ardhi ilikomea pale pale aliposimama.

Alirudi nyuma taratibu. Kofia ilikuwa imesimama mbali kidogo, haithubutu kumkaribia. Kisha mkono ukainuka, ukaivua.

Alikuwa na uso.

Ulikuwa uso wa mwanamume wa makamo, wenye ndevu zisizochanwa na macho yaliyojaa hofu kuliko ya Jerusha. Alikuwa amepinda mgongo kwa kuegemea fimbo. Nyayo zake zilikuwa zimepotoka tangu tumboni mwa mama, zikageukia ndani na nyuma, hivi kwamba alikanyagia mgongo wa mguu. Mkononi alikuwa na mpira wao, naye alikuwa akiufuta kwa shati bila kujijua.

“Unavuka,” alirudia kwa upole. “Kidogo tu. Mwalimu haoni kwa sababu anasimama upande wa pili.”

“Umelijuaje jina langu?”

“Asubuhi mwalimu anapoita majina, mimi huwa nyuma ya ua. Nayajua yenu yote.” Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu asiyezoea kuongea. “Nilidhani mpira ukirudi mtafurahi.”

“Na wewe unaitwa nani?”

Alifikiri kwanza. Ni wazi kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyemwuliza.

“Eusebio Fortuné.”

Mienge na kurunzi zilianza kumulika kati ya miti. Dario alikuwa amekimbia kuita watu. Bwana Quesnel alitangulia, panga limeinuliwa, na nyuma yake wanaume wengine walirusha chumvi ya kufukuzia mapepo huku na huku, wakinong'ona sala. Mwanga uliishukia miguu ya Eusebio, na mtu mmoja akapiga ukelele.

“Mtoto, ondoka hapo!” alinguruma Bwana Quesnel. “Usiitazame miguu yake!”

Eusebio alirudi nyuma. Nyuma yake palikuwa na korongo.

Jerusha hakufikiri. Alimshika mkono, akalitaja jina katika giza lile, kwa sauti ambayo mama yake angempiga kofi kwa kuitoa.

“Anaitwa Eusebio! Eusebio Fortuné! Mwiteni kwa jina lake!”

Panga likabaki juu. Mwalimu Baptiste alijipenyeza kati ya wanaume, viatu vyake vimejaa matope, akammulika Eusebio usoni, kisha akaishusha kurunzi kwa heshima.

“Mtoto wa Leonie,” alisema.

“Mtoto wa Leonie alikufa!” alisema Bwana Quesnel.

“Nani kati yetu aliliona kaburi lake?”

Wakubwa waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine.

“Mama alisema mkiamini nimekufa, hamtakuja na chumvi,” alisema Eusebio. Punje nyeupe zilikuwa zimemnata kwenye ndevu.

Bwana Quesnel alilitia panga alani. Alisimama kwa muda, asijue la kufanya na mikono yake, kisha akachuchumaa mbele ya Eusebio, akamgeuzia mgongo ili ambebe.

“Panda, bwana,” alisema kwa sauti iliyokwaruza. “Njia hii inateleza.”

Timu haikuvunjwa. Kesho yake Mwalimu Baptiste aliweka kiti kando ya mstari wa kurushia, akamkabidhi Eusebio filimbi, na Jerusha akapuliziwa filimbi hiyo mara nyingi hata akataka kulia. Dario alicheka mpaka akakaa chini, na filimbi ikamgeukia yeye.

“Na wewe, unafumba macho ukipiga.”

“Nani? Mimi, Mjomba Eusebio?”

“Wewe. Kama mtu anayekunywa dawa chungu.”

Jumamosi walisafiri kwa basi hadi kwenye mechi ya tarafa, Eusebio akiwa kiti cha mbele katika fulana ya timu iliyombana kifuani. Walicheza vizuri, wakashindwa kwa mikimbio michache. Wakati wa kurudi, watoto walikuwa wamekwisha kuanza kuimba kabla basi halijapanda mlima, lakini Eusebio aligeukia dirishani, akaikataa sahani yake ya pelau.

“Kula, Mjomba,” alimbembeleza Dario. “Ni mchezo tu.”

“Si mchezo tu,” alisema Eusebio. “Tumeshindwa.”

Jerusha na Dario walitazamana. Alikuwa amesema *tumeshindwa*.

Mwalimu Baptiste aliinuka, akashikilia bomba la basi, na nyimbo zikakoma.

“Nisikilizeni, nanyi mkawaambie wazazi wenu,” alisema. “Kwa miaka mingi Morne Cacao imemwogopa mtu ambaye hakumdhuru mtu. Tulitazama nyayo, hatukutazama uso. Tulikuwa na hadithi ya kutosha, kwa hiyo hatukuuliza swali. Hofu si dhambi, wanangu. Hata mimi niliogopa. Lakini anayeogopa bila kuuliza humfanya jirani yake kuwa pepo, na pepo hafungiwi mlango peke yake: hufungiwa pamoja na mama aliyemzaa. Mkikutana na msilolielewa, lisogeleeni kwa salamu kabla hamjalisogelea kwa chumvi.”

Kisha akaketi, akapangusa miwani yake.

Nje, ukungu ulikuwa ukiteremka juu ya mikakao. Eusebio aliutazama kwa muda mrefu. Mwishowe aliivuta sahani, akachota kijiko cha kwanza, akamgeukia mwalimu.

“Jumatatu tunaanza saa ngapi?”