I Iliyoandikwa E

Fundi cherehani alimwosha mama yake uso, akamtia dawa ya macho. Jicho la kulia presha ya macho ilikuwa imeshalizima. La kushoto nalo lilikuwa linafifia.

"Kumekucha?" mama aliuliza.

"Kumekucha zamani, mama."

Jua lilikuwa limejaa chumbani. Daktari alishasema: jicho lililobaki lipasuliwe haraka. Mdogo wake fundi, aliyekuwa ng'ambo, alidai ametuma pesa. Benki hazikuwa zimefika.

"Nilituma, dada! Risiti ninayo!" alisema kwenye simu.

"Risiti inatibu jicho? Tuma picha yake, niione hiyo risiti!"

Picha ikaja. Fundi akaipeleka benki. Karani akaitazama, akaguna.

"Msimbo wa benki si wetu."

"Haiwezekani. Nilimsomea mwenyewe kwenye simu, herufi moja moja."

"Hebu nisomee na mimi."

Akasoma. Alipofika kwenye I, karani akamkatiza.

"Hapo hapo. Wewe umesema 'i'. Kule alipo mdogo wako herufi husomwa Kiingereza; ukisema hivyo wanaandika E."

"Mungu wangu! Herufi moja tu?"

"Moja tu. Msimbo ndio anwani ya benki. Herufi nne za mwanzo ni benki yenyewe, mbili ni nchi, mbili zinazofuata ni mahali. Zikiwepo tatu za mwisho, hizo ni tawi. Usiusome kwa mdomo. Uchukue hapa benki, umtumie kwa maandishi, pamoja na namba ya akaunti na jina lako kama lilivyo kwenye akaunti."

"Pesa zimeliwa?"

"Sidhani. Aende na risiti benki aliyotumia, aombe zifuatiliwe. Ila huenda zikachukua wiki kadhaa."

"Jicho halingoji wiki, kaka yangu."

Karani akachukua kalamu. Alimwandikia msimbo kwenye karatasi, herufi kubwa kubwa.

Fundi alimtumia mdogo wake picha ya karatasi ile. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuona mwongo."

Pesa zilirudishwa kwa mtumaji, zikatumwa upya. Safari hii zilifika bila shida, na mama akapasuliwa.

"Mmechelewa," daktari alisema. "Nimeokoa uoni kidogo tu uliobaki."

Bandeji ilipotolewa, mama aligeuza uso dirishani.

"Kumekucha," alisema mwenyewe, akatabasamu. Kisha akanyoosha mkono, akaupapasa uso wa binti yake, apate kujua kama analia.