Pigo la Kumi na Tisa

Lori lilikuwa na matairi kumi na nane, na hilo halikuwa jambo la kubishana. Dereva alikuwa ameshika usukani wake miaka kumi na mmoja. Ndiyo maana asubuhi ile, jua bado halijachomoza na yeye yuko kitandani, aliposikia mtu anayagonga matairi kwa nondo nje uwanjani, alijikuta anahesabu. Mawili ya harakaharaka, moja la kuchelewa. Mawili, moja. Mawili, moja. Yakafika kumi na nane, akashusha pumzi. Kisha likaja pigo la kumi na tisa, na hilo halikulia mpira. Lililia jiwe.

Alitoka na shuka kiunoni. Lango lilikuwa na kufuli lake. Uwanja ulikuwa umefagiwa jioni iliyopita na haukuwa na unyayo hata mmoja, wa mtu wala wa kuku. Nondo ilikuwa mahali pake, imelazwa juu ya bampa. Lakini palinuka mvua iliyoanguka juu ya lami, na breki zilizoungua, na ilikuwa katikati ya kiangazi, na lori halikuwa limewashwa kwa siku nne.

Akalizunguka. Mbele ya tairi la kushoto palikuwa na jiwe jeusi, bapa upande mmoja, limelowa maji. Alilitazama, akashika mlango wa lori.

Madereva wenzake walimwita Mzee Kanuni, na hawakumpa jina hilo kwa ukimya wake. Nusu ya madereva wa njia ile ndefu walipita mikononi mwake, na kila mmoja aliondoka masikio yamechoka. Gonga matairi kabla hujapanda. Lililojaa upepo huitika, lililolegea hunung'unika. Mteremko ushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia, mguu wa breki uuache upumzike, maana breki ikishapata moto haina undugu na mtu. Ukitembea nusu saa na mzigo mpya, simama ukaze kamba, kwa sababu mzigo nao hutafuta pa kukaa. Usirudi nyuma kwa kutegemea vioo, shuka ukaangalie kwa macho uliyopewa bure. Usingizi usibishane nao. Kunawa uso ni kujidanganya, egesha ulale. Na la mwisho alilisema huku amekushika bega: ukiharibikiwa mlimani ukaweka jiwe kwenye tairi, ukiondoka shuka uliondoe mwenyewe, ulitupe mbali na barabara.

"Wewe umeondoka," angesema. "Jiwe halijaondoka. Limebaki linamsubiri mwenzako."

Mwanafunzi wake bora alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu akiwa mdogo kijana huyo alikuwa akigonga matairi ya baba yake kwa mahadhi, mawili ya haraka, moja la kuchelewa, mpaka majirani wakambandika jina la Kinanda na mama yake akawa Mama Kinanda. Alipofika miaka ishirini na sita alikuwa na lori lake la kazi, na anabishana na baba yake kuhusu gia kama mtu mzima. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu tangu wamzike.

Mzee Kanuni alipoingia ndani alimkuta mkewe jikoni, amepanga vikombe vitatu mezani.

"Umemsikia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimemsikia nani?"

"Usijifanye, Baba Kinanda. Mtoto amekuja." Alikuwa anatabasamu. Tangu mazishi mwanamke huyu hakuwa amecheka wala kusuka nywele, na asubuhi hiyo alikuwa amefanya yote mawili. "Leo siku ya nne. Jana aliniita dirishani. Sikukwambia, ningekwambia ungesema nimechanganyikiwa."

"Alisema nini?"

"Lile swali lake."

Swali lenyewe walilijua watu wote. Mpita njia aliyefika wa kwanza kwenye korongo la chini ya mteremko alimkuta Kinanda bado anapumua ndani ya lori lililopinduka, naye alitamka maneno manne tu kabla hajakata roho: "Nani ameacha jiwe njiani?" Jiwe lilitafutwa, halikuonekana. Wakasema ni maumivu tu yalikuwa yanasema. Wakasema kijana alishuka na gia isiyo yake, breki zikaungua. Msibani dereva mmoja alithubutu kutamka kwamba mtoto wa Mzee Kanuni kanuni zilimpita kando, na baba mtu alikuwa amekaa palepale, akainamisha kichwa, asijibu.

Hakujibu kwa sababu jiwe alikuwa nalo yeye.

Siku ile walikuwa wanarudi wote wawili, baba mbele, mwana nyuma yake kwa mwendo wa saa nzima. Katikati ya mteremko mpira wa upepo wa breki wa lori la baba ulianza kuvuja. Akaegesha, akatafuta jiwe, akaliweka mbele ya tairi la kushoto, akaingia chini akafunga mpira. Alipotoka, mvua ilikuwa inamwagika. Alikuwa amelowa, ana njaa, mgongo unamuuma, ana miaka hamsini na tisa. Akapanda, akarudi nyuma kidogo, akalikwepa jiwe, akashika njia. Aliliona kwenye kioo. Akajiambia kwamba mvua ikipungua mtu ataliondoa. Alipopigiwa simu aligeuza lori, akalikuta pembeni ya barabara lina alama nyeusi ya mpira, na kabla askari wa barabarani hawajafika kupima, akaliingiza kwenye sanduku la vifaa. Wiki iliyofuata alisimama darajani akalitupa mtoni.

Na sasa lilikuwa uwanjani kwake. Akalirudisha mtoni siku hiyohiyo, kisha akaomba safari. Alidhani barabara itamponya.

Siku ya pili, mchana kweupe, akiwa kwenye foleni ya mizani na madereva wenzake wanatafuna mahindi na kutaniana, alisikia mawili ya haraka, moja la kuchelewa, yakianzia tairi la mwisho kabisa la tela na kuja mbele, akatazama kioo cha kulia hakuna mtu, akatazama cha kushoto hakuna mtu, na mapigo yakazidi kuja, yakapita tangi la mafuta, yakafika chini ya mlango wake, na harufu ya mvua na breki ikajaa kabini mpaka macho yakamwasha, na kutoka kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, alipokuwa akilala mwanawe enzi za kufundishwa, sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe ikamwuliza taratibu, bila hasira, kama mtoto anavyouliza jambo la shule: "Baba, nani ameacha jiwe njiani?"

Aligeuka. Jiwe lilikuwa juu ya mto wa kulalia, limelowa, na mto umebonyea kana kwamba kuna kichwa.

Simu ikaita. Ilikuwa Mama Kinanda, anaongea kwa haraka na kwa furaha. "Anasema nimfuate mteremkoni. Anasema nikifika nitamwona. Nimeshafunga begi."

"Usitoke! Mke wangu, nisubiri, nakuja."

Kabla ya kufika nyumbani alipita kwa mganga mmoja aliyesifiwa na madereva, mwanamke mshonaji waliyemwita Bi Cherehani. Alimsikiliza bila kuondoa mguu kwenye mashine.

"Mwanao alikwenda zake siku ileile, baba," alisema. "Huyo si yeye. Korongo lile lina jini. Kijana alipokata roho aliacha swali halina jibu, na jini likaliokota, likalivaa. Linatembea nalo nyumbani kwenu."

"Nifanyeje?"

"Lijibu. Kwa mdomo wako, mbele ya mama yake." Cherehani ikasimama. "Naona jibu unalo."

Mzee Kanuni akainuka aondoke.

"Usipojibu litampeleka mkeo korongoni. Ukijibu litaondoka, na halitarudi tena na sauti ile. Ujue unachomnyang'anya."

Alijua, na ndilo lililomliza njia nzima. Mkewe alikuwa amerudishiwa mtoto, hata kama ni wa uongo. Alikuwa amesuka nywele kwa ajili yake. Na yeye anakwenda kumzika mara ya pili, na safari hii atamwonyesha na aliyemuua.

Alifika kunapambazuka. Mama Kinanda alikuwa kizingitini, mtandio kichwani, begi miguuni, amekonda mpaka bangili zinamtoka mkononi. "Afadhali umekuja na lori," alisema. "Utanipeleka."

Kabla hajamjibu, nyuma yake nondo ilianza kugonga, mawili, moja, mawili, moja, bila mkono ulioishika, na mama akainuka uso umemng'aa, akapiga hatua kuelekea uwanjani huku anaita, "Nakuja, mwanangu, nakuja," na mumewe akamkumbatia kiunoni, akawa anavutwa naye, maana mwanamke yule mwepesi kama unyoya alikuwa na nguvu za watu watatu, na mapigo yakafika kumi na saba, yakafika kumi na nane, na sauti ikauliza karibu kabisa na sikio lao, "Nani ameacha jiwe njiani?"

"Ni mimi!" alipiga kelele Mzee Kanuni. "Mimi baba yako! Nililiona kwenye kioo nikaliacha. Nikarudi nikalificha. Hukukosea gia, mwanangu. Hukukosea chochote. Ni mimi."

Nondo ikaanguka. Pigo la kumi na tisa halikuja. Harufu ikapungua, ikaisha, na uwanja ukabaki unanuka vumbi tu.

Mama Kinanda alisimama anasikiliza. "Mwanangu?" aliita. Akaita tena, na tena. Kisha nguvu zikamwisha, akakaa chini kwenye vumbi.

"Mwite arudi," alisema.

"Harudi, mke wangu."

"Msibani, walipokuwa wanamsema, ulikuwa umekaa palepale."

"Nilikuwa nimekaa."

"Nilikuletea chai," alisema. "Nilikuonea huruma, nikakuongezea sukari."

Siku ya tatu Mzee Kanuni alisimama kwenye maegesho, mbele ya madereva aliowafundisha, akawaambia yote, kisha akaenda kituoni akawaambia na askari. Wakaandika maelezo yake, wakamwambia arudi nyumbani asubiri kuitwa. Jina la Kinanda likasafishika. Mkewe hakuondoka, wala hakumtukana. Alimwambia chumvi imekwisha, au maji yanachemka, basi.

Wiki mbili baadaye, jua halijachomoza, aliyasikia tena. Mawili ya haraka, moja la kuchelewa. Alikurupuka, na Mungu amsamehe, alifurahi. Alikimbia nje bila viatu.

Alikuwa mkewe. Alilizunguka lori akiwa ameshika nondo kwa mikono miwili, tairi baada ya tairi, kwa mahadhi ya mwanawe, mpaka kumi na nane. Mbele ya tairi la kushoto alikuwa ameliweka lile jiwe jeusi, lililokuwa limebaki kabini. Akaligonga. Kisha akamgeukia mumewe, na sauti haikuwa ya mtoto wala ya jini, ilikuwa yake mwenyewe.

"Nani ameacha jiwe njiani?"

"Ni mimi, Mama Kinanda."

Akaitikia kwa kichwa, akalaza nondo juu ya bampa, akaingia ndani kuteleka chai. Mzee akainama, akalibeba jiwe kwa mikono yake, akalipeleka mbali na njia.

Mama Kinanda humwuliza hivyo kila asubuhi ambayo mumewe ameamkia nyumbani, naye kila asubuhi humjibu.